Sauti Safi, Uso wa Vipande

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi, ndipo mambo yote yalipomharibikia Telesphory. Kabla ya dakika hiyo alikuwa mgane mwenye shamba. Baada ya hapo alikuwa mgane tu.

Shauri lilisikilizwa Mlabani, mjini Ifakara, katika ofisi ya Skimu ya Umwagiliaji ya Lunyenga. Mwenyekiti wa kamati ya migogoro, Mama Sikitu, hakuwapo chumbani. Wakubwa wa skimu walikuwa wameacha kuja Ifakara wakati wa masika. Walikaa ofisini kwao Morogoro, chini ya feni, wakaongea na wakulima kwa kompyuta. Ukutani palitundikwa televisheni kubwa, na ndani yake visanduku viwili. Kisanduku cha kushoto kilimwonyesha Mama Sikitu vizuri kabisa, hadi hereni zake na kikombe cha chai mezani. Cha kulia kilikuwa cheusi bado, kimeandikwa: Shahidi Fulgensi, Kidatu.

Telesphory alikuja mapema, akasimama hadi viti vya ziada vilipoanza kuletwa. Aliketi kwenye kiti cha plastiki chenye maandishi ya rangi nyekundu mgongoni, “Jumuiya Mt. Rita”. Aliyaona maandishi yale, akajiuliza tangu lini skimu inakalia viti vya kanisa, kisha akayasahau. Alikuwa na mambo mengine kichwani.

Jambo lenyewe lilikuwa kitalu namba moja, pale mfereji mkuu unapoanzia. Kilikuwa cha mkewe Agnella tangu mwaka 2019. Agnella alifariki Agosti iliyopita, akazikwa palepale alipotaka mwenyewe, kwenye kichuguu kilichoko pembeni ya mpunga wake, mahali ambapo maji hayafiki. Sasa katibu wa skimu, Evarist, alileta karatasi inayosema kwamba Julai, mwezi mmoja kabla ya kufa, Agnella alikirudisha kitalu kwa skimu. Chini ya karatasi palikuwa na dole gumba la bluu na jina la shahidi, Fulgensi.

Telesphory alisimama akasema kwamba mkewe alijua kuandika na siku zote aliweka sahihi. Evarist akajibu, kwa upole wa mtu aliyekwisha kujiandaa, kwamba mgonjwa wa kitandani hashiki kalamu. Telesphory akasema Julai ile alisafiri siku sita tu, kwenda msibani Mahenge. Evarist akasema siku sita zinatosha kuweka dole.

Kisha shahidi akaingia hewani.

Uso haukuonekana. Kilichoonekana ni vipande vipande vya rangi, kahawia juu, bluu chini, kama kigae kilichovunjika na kupangwa na mtoto. Lakini sauti ilikuja safi, nzito kidogo, ikikohoa. Evarist akatikisa kichwa, akasema ndiyo mtandao wetu huo, tuvumilie.

“Fulgensi, ni mimi Telesphory hapa,” alisema Telesphory. “Unaniona?”

“Shikamoo mzee. Sikuoni vizuri, lakini nakusikia.”

“Ulimwona Agnella akiweka dole?”

“Nilimwona kwa macho yangu. Alisema amechoka na shamba.”

Mvua ikaanza. Ilipiga bati la kwa shahidi, ikapiga na bati la ofisi, ikawa mtu hasikii tena neno. Mama Sikitu akasema ametosheka. Kitalu kinarudi skimu. Mwenye pingamizi alilete ndani ya siku thelathini. Tarehe 12 Aprili katapila litaingia kujenga lango jipya la maji, na kaburi, kama lipo, familia itaelekezwa namna ya kulihamisha.

Kama lipo. Maneno hayo mawili Telesphory alitoka nayo nje kwenye mvua, akatembea nayo hadi nyumbani.

*

Siku mbili hakula vizuri. Hasira yake yote ilikuwa kwa Fulgensi. Walifahamiana miaka thelathini. Fulgensi alikuwa nyapara wake kwenye mashamba ya miwa kule Kidatu, mtu aliyemzidi miaka minane, na ndiye aliyesimamia ndoa yake na Agnella. Mwaka 2014 wafanyakazi walipopunguzwa, jina la Telesphory lilikuwa kwenye orodha na la Fulgensi halikuwapo. Tangu hapo hawakusemezana. Hata kwenye mazishi ya Agnella Fulgensi hakuja. Kwa hiyo Telesphory aliposikia amegeuka na kumuuza, hakushangaa hata kidogo. Wanyapara ndivyo walivyo, alijisemea.

Ila Alhamisi asubuhi, akiwa kitaluni anang'oa magugu, aliutazama mfereji na kitu kikamgusa.

Kazi yake kule kwenye miwa ilikuwa maji. Miaka ishirini na mbili alifungua na kufunga malango ya mifereji. Mtu wa maji akikuta shamba limekauka, kitu cha kwanza anatazama mashamba ya jirani. Mto ukipungua, wote wanapungukiwa. Ukikuta wote wana maji na mmoja tu hana, acha kuutazama mto. Nenda ukatafute lango, kwa sababu kuna mtu ameliteremsha.

Na Jumanne ile, kwenye televisheni ileile, ukuta uleule, Mama Sikitu alionekana hadi hereni.

Alinawa miguu, akapanda bodaboda hadi Viwanja Sitini, kwa Mwanabaraka. Huyu alikuwa mama wa makamo mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, na kompyuta mbili za kukodisha. Watu wa mjini wakikwama na fomu za serikali humkimbilia yeye.

“Shikamoo baba. Leo umeleta tope lote la skimu dukani kwangu.”

“Marahaba. Nitafagia. Mwanangu, nieleze kitu. Mtandao ukiwa mbovu, unaharibu nini?”

Mwanabaraka alimwambia kwamba unaharibu vyote. Picha inaganda, sauti inakatikakatika, mtu anaongea kama kuku aliyekabwa koo. Telesphory akamweleza alivyoona yeye: picha vipande, sauti safi hadi kikohozi. Yule mama akaacha kupanga karatasi.

“Alikuwa anabadilika? Mara aonekane, mara apotee?”

“Hapana. Tangu mwanzo hadi mwisho ni vilevile.”

“Basi huo siyo mtandao, baba. Huyo amebanwa.”

Akamketisha mbele ya kompyuta moja, yeye akakaa kwenye nyingine, akafungua kikao cha video kwa kivinjari, kilekile ambacho watu hufungulia matokeo ya mitihani. Telesphory akajiona: kofia, ndevu nyeupe, jicho la kushoto lenye kovu. Mwanabaraka akaeleza kwamba vikao vya siku hizi vina kipengele cha kudhibiti data. Mwenye kikao akikiwasha, anaweza kumwekea kila mtu kikomo, huyu apewe njia pana, yule njia nyembamba. Njia ikiwa nyembamba, mashine yenyewe inachagua kuiokoa sauti na kuitupa picha. Kimetengenezwa kwa nia njema, alisema, kwa ajili ya watu wa bando dogo kama wa bondeni huku, wapate angalau kusikika.

“Sema kitu, baba.”

Alibonyeza. Uso wa Telesphory ukavunjika vipande, kahawia juu, nyeupe chini. Alisikia sauti yake mwenyewe, safi kabisa, ikitoka kwenye spika ya pili: “Naitwa Telesphory, ni mume wa Agnella.” Mwenye sauti hiyo angeweza kuwa mtu yeyote.

Telesphory akauliza ufunguo wa lango hilo uko kwa nani. Mwanabaraka akamjibu kwamba uko kwa yule anayekaa kwenye kompyuta ya kikao.

*

Kompyuta ya kikao ilikuwa ya Jeremia, karani wa skimu. Telesphory alimkuta Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi, anafungua madirisha ya ofisi.

Jeremia alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye wasiwasi, mkewe yuko karibu kujifungua. Alikana mara tatu kabla hajaulizwa mara ya pili. Alisema yeye hufungua kikao saa tatu na nusu, basi. Siku ile alikifungua, akamwona Mama Sikitu, kisha saa nne kasoro dakika tano katibu akamtuma nje na mwenyewe akaketi kwenye kompyuta.

“Alikutuma wapi?”

“Viti. Watu walikuwa wengi kuliko viti.”

“Umerudi saa ngapi?”

“Safari ya pili, shahidi alikuwa ameshaanza kuongea, mzee. Waulize watu.”

“Nani alikuona na viti?”

Jeremia akasita. Alisema ni Nkwabi, alimsaidia kubeba.

Hapo Telesphory akavuta pumzi. Nkwabi alikuwa jirani yake wa kitalu namba mbili, Msukuma aliyekuja bondeni na ng'ombe miaka kumi na tano iliyopita na sasa analima kuliko wenyeji. Watu walikuwa wamekwisha kumhukumu. Sokoni walisema kila mahali: Nkwabi ndiye anayelitaka lile shamba, Nkwabi alionekana nje ya ofisi na simu sikioni dakika zilezile, Nkwabi hakuingia hadi shahidi alipokwisha kuanza. Telesphory mwenyewe alikumbuka kwamba mwaka juzi Nkwabi aliwahi kumuuliza Agnella kama anauza.

Alimfuata zizini. Nkwabi hakukasirika. Alimpa kigoda akaendelea kukamua.

“Niliuliza kununua, ndiyo. Mkeo alinijibu niende nikawaulize ng'ombe wangu kama wanajua kupalilia. Nilicheka wiki nzima. Mtu akikujibu hivyo, unamwibia?”

“Na simu?”

“Ndama alikuwa anazaliwa vibaya. Nilikuwa namwelekeza mke wangu. Ndama huyo hapo, mtazame.”

Ndama alikuwapo, amekondeana, anatetemeka. Telesphory akauliza habari ya viti. Nkwabi alisema kweli alimsaidia Jeremia, walivitoa jumuiya ya watawa iliyo jirani, safari mbili, na alikumbuka vizuri kwa sababu alikuwa ameudhika.

“Viti vya skimu vipo, arobaini, ghalani, hatua ishirini kutoka mlangoni. Sisi tunavuka barabara kuazima kwa watawa. Nikamwambia Jeremia, fungua ghala. Akasema katibu amekataza, funguo zimepotea. Lakini kufuli halikuwepo mlangoni, Telesphory. Niliangalia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.”

Telesphory akayakumbuka yale maandishi mekundu. Alimshukuru Nkwabi, akanywa maziwa aliyopewa, akaondoka akiwa na swali moja jipya: ghala la mbegu hufungwa kwa ndani ili kumzuia nani?

*

Kanuni za skimu zilisema kila upande wa shauri una haki ya kupewa nakala ya kikao. Katika miaka minne ya vikao hivi vya kompyuta hakuna mkulima aliyewahi kuiomba, maana hakuna aliyeambiwa. Telesphory aliiomba kwa maandishi, Mwanabaraka akamchapia. Evarist aliisoma barua akacheka.

“Mzee, wewe una simu ya tochi. Utaitazamia wapi, kwenye tochi?”

Lakini alitoa. Alijua hakuna uso wa kuona.

Jumatano tarehe 19 walisikiliza dukani, yeye na Mwanabaraka, mlango umerudishwa. Mara ya kwanza Telesphory hakusikia jipya. Mara ya pili akamwomba asimamishe pale mvua inapoanza.

“Rudisha kidogo. Sikiliza bati.”

Mvua ilianza kwa shahidi. Kabla hujahesabu moja, ilianza ofisini. Kutoka Ifakara hadi Kidatu kwa basi ni mwendo wa saa mbili. Hata wingu lina haraka, lakini halina haraka hiyo. Mwanabaraka alisema labda ni bahati. Telesphory akasema labda. Akamwomba arudishe tena, tangu shahidi anaingia.

Ndipo Mwanabaraka mwenyewe, aliyekuwa anasikiliza huku anabana karatasi, akainua kichwa.

“Baba, huyu Fulgensi ni mdogo wako?”

“Ana miaka sabini na moja. Mimi sitini na tatu.”

“Sasa mbona anakuamkia?”

Telesphory alikuwa ameisikia shikamoo ile mara tatu na sikio halikuishika. Kila siku anaamkiwa na watu ishirini, njiani, dukani, kanisani. Ilipita kama nzi. Chumba kizima cha watu wazima kiliisikia Jumanne ile, na hakuna aliyeinua nyusi, kwa sababu mzee mwenye ndevu nyeupe ameitwa, naye ameamkiwa, basi. Lakini Fulgensi kumwamkia yeye? Miaka thelathini ni yeye aliyemwamkia Fulgensi, hata siku anayomchukia. Mtu anaweza kufundishwa jina, kijiji, mwezi na maneno ya kusema. Aliyezoea kumwamkia mzee fulani kila asubuhi, hiyo itamtoka tu.

Kwa hiyo yule alikuwa mtu wa chini yake kwa umri. Na alikuwa karibu. Na alizoea kuonana naye.

Aliinamisha kichwa. Siku nane alikuwa amemlaani mtu ambaye huenda hakusema neno.

*

Ijumaa alipanda basi la asubuhi kwenda Kidatu. Saa nne na nusu alikuwa amesimama kwenye uga wa nyumba ya zamani ya kampuni, mikono haijui pa kukaa.

Fulgensi alikuwa amekaa kibarazani, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya kigoda. Kiharusi kilimpiga Juni mwaka uliopita. Alizungumza vizuri, lakini hakutembea bila mtu wa kumshika.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Umechukua miaka kumi na moja kutoka Ifakara. Barabara mbovu kiasi hicho?”

Hawakuyazungumza ya zamani, isipokuwa kidogo. Fulgensi alisema orodha ile ya 2014 ililetwa kutoka juu imekwisha kuchapwa, naye alipewa kuisoma tu. Alisema habari za Agnella alizipata mwezi mmoja baada ya mazishi, na alituma salamu kwa mtu ambaye hakuzifikisha. Telesphory alisikiliza, akaona jinsi hasira yake ilivyokuwa lango ambalo mtu mwingine alilifungua na kulifunga kwa faida yake. Nani Ifakara asiyejua kwamba hawasemezani? Ukitaka kumpachika Telesphory shahidi wa uongo, mpachike yule ambaye hatakwenda kumuuliza.

Julai? Julai Fulgensi alikuwa hospitali, kitandani, na cheti anacho. Tarehe 11 Machi? Alikuwa hapohapo kibarazani. Mke wake, Luciana, akaongeza kutoka jikoni kwamba Jumanne hiyo alianika mpunga uani kutwa nzima, wala halikuanguka tone.

*

Pingamizi lilisikilizwa Alhamisi tarehe 3 Aprili, saa tatu asubuhi, siku tisa kabla ya katapila. Chumba kilijaa. Viti safari hii vilikuwa vya skimu. Mama Sikitu alikuwa kwenye kisanduku chake, Jeremia kwenye kompyuta, Evarist kando yake na faili.

Telesphory aliomba shahidi Fulgensi aitwe tena. Evarist akasema mzee yule anaumwa, asisumbuliwe. Lakini kisanduku cha kulia kilikwisha kuwaka. Luciana alikuwa ameshika simu aliyoazima kwa jirani, na mbele yake alikaa Fulgensi, anaonekana hadi mvi za masikioni.

“Shikamoo kaka,” alisema Telesphory.

“Marahaba. Mwenyekiti, mimi ndiye Fulgensi. Sijawahi kukaa kwenye kikao chenu. Na Julai nilikuwa nalishwa uji kwa kijiko.”

Watu wakaguna. Mama Sikitu akavua miwani. Evarist alikuwa wa kwanza kusema, tena kwa sauti ya kusikitika. Alisema kama ni hivyo basi skimu imedanganywa, kuna tapeli kule Kidatu aliyejifanya Fulgensi, na yeye kama katibu atalifuatilia polisi.

“Siyo Kidatu,” alisema Telesphory. “Ni hapa. Nikuulize, katibu. Siku ile viti vya skimu vilikuwa wapi?”

“Ghalani. Funguo zilipotea.”

“Kufuli halikuwa mlangoni. Nkwabi yuko hapa, aliona. Mlango ulifungwa kwa ndani.”

Nkwabi akasimama, akasema ndivyo, akakaa.

Jeremia akaweka rekodi. Shikamoo mzee, sikuoni vizuri. Telesphory akawauliza waliokaa kama kuna anayemjua mzee wa miaka sabini na moja anayemwamkia mdogo wake. Kisha akaomba wasikilize mabati mawili yakipigwa na mvua moja. Hakueleza sana. Watu wale ni wakulima, mvua wanaijua.

“Mwenyekiti, naomba mtunza ghala aitwe.”

Evarist akasema hakuna haja. Mama Sikitu akasema aitwe.

Mtunza ghala alikuwa Anselim, shemeji yake Evarist, kaka wa mkewe, mtu wa miaka thelathini na nane. Alikuja anapangusa vumbi la mbegu mikononi, akakohoa, kifua chake hakijawahi kupona vumbi lile. Alimkuta Telesphory amesimama mlangoni kabisa.

“Shikamoo mzee,” alisema Anselim.

Chumba chote kikasikia. Dakika mbili hazijapita tangu waisikie kwenye spika, kwa kikohozi kilekile. Anselim akawatazama watu, akamtazama shemeji yake, akatazama televisheni ambapo mzee asiyemjua alikuwa anamkodolea macho.

“Nilisomewa maneno tu,” alisema. “Nilimwambia shemeji, sura yangu itaonekana. Akasema haitaonekana, hilo amelishughulikia.”

“Amelishughulikia vipi?” aliuliza Mama Sikitu.

Mwanabaraka alikuwa amemwonyesha Jeremia mahali pa kutazama. Jeremia akafungua ukurasa wa kumbukumbu za kikao, ukatokea ukutani kwa wote. Saa nne na dakika mbili: akaunti ya Katibu imeomba kuwasha udhibiti wa data kwa Shahidi Fulgensi. Saa nne na dakika tatu: ombi limekubaliwa. Saa nne na dakika tano: kikomo cha chini kabisa kwa mshiriki mmoja, Shahidi Fulgensi. Akaunti ya Katibu, neno la siri la Katibu, na saa hiyo Jeremia alikuwa barabarani na viti vya watawa kichwani.

Evarist alifunga faili. Alipoanza kusema, hakuwa tena mpole.

“Mnajua vitalu vyangu viko wapi? Namba arobaini na mbili hadi arobaini na nne. Mkiani. Miaka sita maji yananifikia yakiwa jasho. Nyinyi wa juu mnalala na maji, mimi nalala na tochi nikisubiri yashuke. Lango jipya pale kwa Agnella lingeyashusha. Nilimwomba kwanza tubadilishane, nikamwomba mara nne. Akasema kila mtu abaki alipopangiwa. Na aliyempangia ni nani? Wakubwa, kwa kalamu, hata shambani hawakufika.”

Telesphory alimsikiliza hadi mwisho. Jambo lililomuudhi kuliko yote ni kwamba maneno ya mwisho yalikuwa ya kweli.

“Ungekuja kwangu,” alisema. “Mimi ni mtu wa maji. Tungepanga zamu. Wewe ukaenda kutafuta dole la marehemu.”

Dole lilikuwa la Anselim. Hilo alilikiri mwenyewe kabla polisi hawajafika, saa tano na robo.

*

Hukumu ilifutwa siku ileile. Katapila halikuja. Kitalu namba moja kikaandikwa jina la Telesphory, na mwezi wa sita alivuna magunia kuliko alivyotarajia, Nkwabi akisaidia kubeba. Kichuguu kikapaliliwa, msalaba ukapakwa rangi. Fulgensi aliletwa kwa gari la kuazima, akakaa pale kaburini nusu saa na kofia mkononi.

Lakini Telesphory hakulala vizuri bado. Kila Jumanne alikwenda ofisini Mlabani, akauliza swali lilelile, Jeremia akampa jibu lilelile.

Mwanabaraka alikuwa amemweleza namna kile kipengele kinavyofanya kazi kwa vikao vya skimu. Katibu hana uwezo wa kukiwasha peke yake. Anaomba tu. Lango lina funguo mbili, na ule wa pili uko kwa mwenye vikao, akaunti iliyoandikwa Ofisi Kuu, Morogoro. Evarist aliomba saa nne na dakika mbili. Dakika moja baadaye, mtu mmoja kule chini ya feni alisoma jina la shahidi, akakubali.

Mama Sikitu alisema siyo yeye, yeye alikuwa kwenye televisheni na watu wote walimwona. Alisema akaunti ile hutumiwa na watu watatu na atawauliza. Kisha akahamishwa kituo. Aliyekuja baada yake alisema faili halijamfikia. Barua tatu Telesphory aliandika, Mwanabaraka akazichapa, Jeremia akazigonga mhuri wa kupokelewa.

Evarist kafungwa, Anselim kafungwa, na ni haki yao. Lakini ni nani kule Morogoro, saa nne na dakika tatu asubuhi, aliyebonyeza ndiyo?